Kromosomu Zaidi, Mbegu Pungufu

Tikiti maji lisilo na mbegu limezua maneno mengi katika soko la Malindi. Wako wanaoapa kwamba limedungwa sindano, wako wanaosema limetiwa jeni za kigeni, na wako wanaolinunua kimyakimya kwa kuwa watoto hulila bila kutapakaza mbegu sakafuni. Mimi ni mwalimu wa baiolojia na mtoto wa wakulima, na kwa kuwa swali hili huletwa kwangu barazani kila msimu wa matikiti, nimeona afadhali nilieleze kwa utulivu pamoja na jambo kubwa lililo nyuma yake, yaani kuongezeka kwa seti za kromosomu (zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni) katika mimea na namna kunavyobadilisha uzazi wa mmea na kiasi cha mavuno. Nitasema mapema ninachokiamini: kromosomu za ziada si baraka wala si balaa, na hakuna awezaye kujua kama zitamfaa mkulima au zitamtia hasara mpaka aulize, kwanza, ni sehemu gani ya mmea inayovunwa, na pili, ni nani atakayeshika kile kitakachopandwa msimu ujao.

Mimea mingi tunayoijua hubeba kromosomu zake kwa jozi, seti moja kutoka kwa mzazi wa kiume na nyingine kutoka kwa mzazi wa kike, na mmea wa namna hii huitwa diploidi. Mtikiti una kromosomu 22, yaani seti mbili za kromosomu 11. Mnazi una 32, mwembe una 40. Mmea wenye seti tatu huitwa triploidi, wenye seti nne ni tetraploidi, wenye sita ni heksaploidi, na jina la jumla la mimea yote yenye zaidi ya seti mbili ni poliploidi. Hali hii haikuzuliwa maabara. Ngano ya mkate na chapati ina seti sita, viazi mbatata tunavyopikia viazi karai vina seti nne, viazi vitamu vina sita, pamba inayolimwa kule Mpeketoni na Hindi, Lamu, ina nne, na ndizi karibu zote zinazouzwa hapa mjini zina tatu. Anayelikataa tikiti kwa sababu ya hesabu ya kromosomu zake, na mkononi ameshika ndizi, hajaifikia mantiki ya anachokikataa.

Kwa njia ya kawaida ya maumbile, poliploidi hutokea pale mgawanyiko wa seli unapokosea. Mmea unapotengeneza chavua na mayai, idadi ya kromosomu hupunguzwa nusu, ili chavua na yai vikikutana idadi ya kawaida irudi. Mara chache upunguzaji huo haufanyiki, na yai au chavua hutoka na idadi yake nzima. Yai la namna hiyo likikutana na chavua ya kawaida, mche unaoota huwa na seti tatu. Miaka elfu na elfu ya makosa kama hayo, pamoja na jicho la mkulima aliyeona mmea mmoja umenenepa kuliko wenzake akaamua kuutunza, ndiyo iliyotupa sehemu kubwa ya vyakula tunavyokula leo.

Binadamu alijifunza kulifanya kosa hilo kwa makusudi katika karne ya 20. Mwaka 1937 Albert Blakeslee na Amos Avery, wataalamu wa Marekani, walitangaza kwamba kolkisini huweza kuzidisha kromosomu za mimea maradufu. Kolkisini hutokana na mmea wa Ulaya uitwao Colchicum autumnale, na waganga wameitumia tangu zamani kutibu jongo. Kazi yake ndani ya seli ni rahisi kueleza. Seli inapotaka kugawanyika, huzirudufu kromosomu zake kisha hutandika nyuzi nyembamba za kuzivutia pande mbili. Kolkisini huzuia nyuzi hizo zisijengeke, basi kromosomu zilizokwisha kurudufiwa hubaki ndani ya seli ileile moja, na kuanzia hapo seli huendelea na maisha yake ikiwa na mzigo maradufu. Mtaalamu hudondosha tone la dawa hiyo kwenye ncha ya ukuaji ya mche mchanga, katikati ya majani mawili ya kwanza, na hurudia hivyo kwa siku kadhaa. Miche mingi hufa, kwa kuwa kolkisini ni sumu hasa, na mingi katika inayosalia huwa nusunusu, tawi hili limegeuka na lile halikugeuka. Ile michache iliyogeuka kikweli hutambulikana kwa majani mazito yenye kijani kilichokolea, kwa vinyweleo vikubwa vya hewa vinavyoonekana kwa hadubini, na kwa chembe nyingi zaidi za kijani katika seli zinazolinda vinyweleo hivyo.

Aliyeitumia elimu hii kwa tikiti ni Hitoshi Kihara, mwanasayansi wa Kyoto nchini Japani, ambaye mwaka 1951 aliieleza njia yake kwa kina katika jarida la wataalamu wa kilimo cha bustani wa Marekani. Njia yenyewe ina hatua mbili. Kwanza mtikiti wa kawaida hugeuzwa kwa kolkisini uwe tetraploidi wenye kromosomu 44, kisha uzao wake huchaguliwa kizazi baada ya kizazi mpaka utulie. Halafu ua jike la mtikiti huo huchavushwa kwa chavua ya mtikiti wa kawaida wenye kromosomu 22. Yai hubeba 22, chavua hubeba 11, na mbegu inayopatikana huwa na 33. Hiyo ndiyo mbegu anayouziwa mkulima. Ikipandwa, huota, hutambaa, hutoa maua, na hatimaye hutoa tunda ambalo ndani yake hamna mbegu isipokuwa vijiganda vyeupe, laini, vinavyolika bila kuhisiwa.

Kwa nini mmea wenye seti tatu hauzai? Kila aina ya kromosomu ina nakala tatu, na katika mgawanyiko wa uzazi nakala hizo zinapaswa kwenda pande mbili. Ni kama kuwagawia watu wawili makubadhi matatu: mmoja atapata jozi na mwingine ataondoka na guu moja. Tena mgawanyo huo hufanyika kwa kila aina peke yake, bila kujali aina nyingine zimegawanywa vipi, hivi kwamba yai moja huweza kupata mbili za aina ya kwanza, moja ya aina ya pili, mbili za aina ya tatu, na kadhalika. Ili yai au chavua iwe na hesabu iliyotimia, aina zote 11 lazima zielekee upande mmoja kwa namna moja, ama moja moja zote, ama mbili mbili zote. Tukichukulia kwamba kila aina hugawanyika mbili kwa moja bila upendeleo, nafasi ya jambo hilo ni moja katika 1,024. Hiyo ni kwa yai peke yake, na chavua nayo ina mtihani uleule. Chembe za uzazi zilizosalia, ambazo ni karibu zote, huwa na hesabu iliyopinda, na kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, kitokanacho nazo hufa mapema au hakianzi kabisa. Wanafunzi wangu huipenda hesabu hii kuliko maelezo yoyote, na mimi pia, maana inaonyesha kwamba utasa wa triploidi hauna siri. Ni hesabu ya kugawanya isiyogawanyika.

Hapo pana jibu kwa wanaotaja sindano. Tunda linalouzwa sokoni halikuguswa na kolkisini. Dawa hiyo iligusa mche mmoja wa kale, vizazi vingi nyuma, na kilichorithiwa tangu hapo ni kromosomu tu, zilezile za tikiti, zikiwa zimezidi kwa idadi. Haikuingizwa jeni ya kiumbe kingine. Baraza la Mawaziri la Kenya lilipoondoa marufuku ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba mnamo Oktoba 2022, mjadala uliofuata ulitia kila kitu kisichozoeleka katika kapu hilo, na tikiti lisilo na mbegu likatumbukizwa humo bila hatia yoyote. Mtu ana haki ya kuwa na msimamo wake juu ya mazao yale, lakini hili si miongoni mwao.

Sasa nije kwenye shamba. Ami yangu hulima upande wa Mambrui, si mbali na mto Sabaki, na msimu mmoja alinunua mbegu za tikiti lisilo na mbegu kutoka duka la pembejeo ambalo halikumweleza chochote zaidi ya bei. Akapanda shamba zima aina hiyo moja. Miche ilipendeza, mashina yalinenepa, majani yalifunika ardhi yote, na maua ya manjano yakajaa. Kisha kila kitunda kidogo kilichotokea chini ya ua jike kilikaa siku chache, kikageuka njano kikaanguka. Aliniita, nikamwamkia na kuketi naye pembeni mwa shamba, akasema, "Mwanangu, mmea huu wanishangaza. Maua tele, tunda hakuna. Nimewapa mbolea, nimewapa maji, wataka nini tena?"

Walichotaka ni wageni wasiokuwemo shambani. Ua la mtikiti triploidi hutoa chavua, lakini chavua hiyo karibu yote ni mbovu na haiwezi kuliamsha tunda. Tunda la tikiti halianzi kukua mpaka chavua hai itue juu ya ua jike na kuota, kwa maana kuota huko ndiko kunakochochea homoni za ukuaji katika ovari, hata kama mwisho wake hapatakuwa na mbegu. Kwa hiyo aliyepanda tikiti lisilo na mbegu lazima apande kando yake tikiti la kawaida lenye mbegu, litakalotoa chavua, na nyuki waje waihamishe. Kipimo kinachofuatwa na wakulima wengi ni mmea mmoja wa kawaida kwa kila miwili au mitatu isiyo na mbegu, ama katika mstari huohuo ama katika mistari ya kupishana. Aidha, inafaa aina hizo mbili zitofautiane kwa ganda, ili wakati wa kuvuna zisichanganyike: kama lisilo na mbegu lina mistari kama Crimson Sweet, basi la kuchavusha liwe jeusi-kijani na la mviringo kama Sugar Baby. Jambo la nyuki nalo si dogo. Ua la tikiti hufunguka asubuhi na hufunga siku hiyohiyo, na ua jike huhitaji kuzuriwa mara nyingi. Anayepuliza dawa ya wadudu asubuhi, nyuki wakiwa kazini, amejikatia mavuno kwa mkono wake. Wakulima walio karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke wana bahati ya nyuki wengi kuliko sisi tulio kwenye mashamba yaliyofyekwa mpaka ukingoni mwa mto.

Kuna na ugumu wa kuotesha. Mbegu yenye kromosomu 33 ina ganda nene na kiinitete kidogo kisichojaza ganda lake, kwa hiyo huhitaji joto la kiasi cha nyuzi 29 hadi 32 na udongo wenye unyevu wa wastani. Ikiloweshwa sana huoza kabla ya kuota. Joto sisi tunalo bila kulipia, na hapo mkulima wa Malindi amemtangulia mwenzake wa nyanda za juu. Maji ya kupita kiasi ndiyo yanayotuponza, kwa sababu mtu akiona jua kali huongeza ndoo. Wataalamu hushauri pia mbegu izikwe ncha yake iliyochongoka ikitazama juu, ili ganda lisinase kwenye majani machanga linapotoka. Ami alipoambiwa hili alicheka, akasema hajawahi kuona mbegu yenye adabu za kulala. Msimu uliofuata alizilaza hivyohivyo, akapanda na mistari ya Sugar Baby, na matikiti yakashika.

Gharama ya mbegu hizi haitokani na tamaa ya muuzaji peke yake. Mtikiti tetraploidi, ambao ndio mama wa mbegu hizo, wenyewe umeshapoteza sehemu kubwa ya uzazi: tunda lake hutoa mbegu chache mno ukililinganisha na la kawaida, kwa kuwa nakala nne za kila kromosomu nazo hukosana katika kugawanyika, ingawa si vibaya kama tatu. Kuuandaa mama huyo mpaka awe wa kutegemewa huchukua miaka mingi, na mbegu yake haipatikani kwa kuihifadhi kutoka kwenye tunda ulilokula, maana tunda hilo halina. Hapa ndipo swali langu la pili linapouma. Mkulima aliyezoea kukausha mbegu za tikiti juu ya ukili na kuzifunga katika kitambaa mpaka msimu ujao, akihamia triploidi amehama moja kwa moja kwenye duka. Si lazima iwe vibaya. Tunda lisilo na mbegu hupata bei, halimegeki upesi, na mmea usiolazimika kulisha mbegu huweza kuendelea kubeba kwa muda mrefu zaidi. Lakini mtu na ahesabu hivyo tangu mwanzo, kwa kalamu na karatasi.

Ndizi imefuata njia nyingine, na kwa sisi watu wa mwambao ina habari yake. Mgomba wa mwituni ni diploidi wenye kromosomu 22, na tunda lake limejaa mbegu ngumu nyeusi zinazoweza kuvunja jino. Ndizi tunazokula nyingi zina kromosomu 33 na ni tasa kwa hesabu ileile ya moja katika 1,024, ila zina sifa ambayo tikiti halina: tunda lake hujaa bila kuchavushwa. Kwa sababu hiyo mkulima wa ndizi hahitaji mstari wa kuchavusha, hahitaji nyuki, wala hahitaji duka, kwa kuwa mgomba hujizalia machipukizi ubavuni mwake. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa na watafiti wa CIRAD, taasisi ya Ufaransa, umeonyesha kwamba ndizi za Cavendish na Gros Michel, ambazo zimetawala biashara ya dunia, zilipata seti mbili kati ya tatu kutoka kwa jamaa wa kundi la ndizi diploidi liitwalo Mlali, ambalo hadi leo hupatikana Komoro, Madagaska, Unguja na Pemba. Chimbuko lake ni Asia ya Kusini-Mashariki, na zilifika visiwani kwa bahari. Ninapoona mtu akizidharau ndizi ndogo za visiwani kwa kuwa mkungu wake ni mwembamba, hukumbuka kwamba hao ndio jamaa waliochangia sehemu kubwa ya ile ndizi ndefu ya dukani.

Utasa huo una bei yake, na hulipwa polepole. Mimea yote inayotokana na chipukizi la mmea mmoja ni mmea uleule mmoja, na ugonjwa unaoweza kuushinda mmoja huwashinda wote. Gros Michel iliangamizwa na ugonjwa wa Panama katika mashamba makubwa ya Amerika ya Kati kabla ya katikati ya karne iliyopita na baada yake, ikabadilishwa kwa Cavendish. Na aina mpya ya kuvu anayeleta ugonjwa huo, ijulikanayo kama TR4, inayoishambulia Cavendish yenyewe, iliripotiwa Msumbiji mwaka 2013, na Msumbiji si mbali nasi. Kumtafutia kinga mmea usiozaa ni kazi ya subira isiyo ya kawaida. Watafiti wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo nchini Uganda, pamoja na wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, walichavusha migomba ya matoke, ambayo ni triploidi, kwa chavua ya mgomba wa mwituni uitwao Calcutta 4, wakiwinda zile mbegu chache mno zinazoponyoka; viinitete vyake huokolewa na kukuzwa katika chupa. Mimea tetraploidi iliyopatikana ikazalishwa tena na diploidi bora, na matokeo yake ni ndizi triploidi mpya za kundi la NARITA, zilizo tasa kama mlaji anavyotaka, lakini zenye kustahimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Uganda ilitoa ya kwanza kwa wakulima mwaka 2010 kwa jina la Kiwangaazi. Angalieni mzunguko huo: ili kumpa mkulima mmea usiozaa, ilibidi kwanza uzazi urudishwe, utumike, kisha uondolewe tena.

Ndimu nayo ina mfano wake mdogo. Ile ndimu yetu ndogo ya achari, yenye ganda jembamba na mbegu tele, ina kromosomu 18. Ile kubwa iitwayo Tahiti, isiyo na mbegu, ina 27. Hupandikizwa, haipandwi kwa mbegu, na kwa kukamulia samaki haina ubaya. Kwa achari sitaki kubishana na mtu, ila kwangu ndogo imeshinda.

Mpaka hapa tumezungumzia mazao ambayo mbegu ni kero ndani yake. Mambo hugeuka kabisa tunapofika kwenye nafaka, kwa kuwa huko mbegu ndiyo chakula. Baada ya ugunduzi wa 1937 wataalamu wengi walijawa na matumaini kwamba kila zao likizidishiwa kromosomu lingekuwa kubwa na mavuno yangepanda. Seli hakika hukua, kwa kuwa seli yenye vinasaba vingi zaidi huhitaji nafasi kubwa zaidi, na jani, ua na punje mara nyingi hunenepa. Lakini seli kubwa hugawanyika polepole, mmea huchelewa kukua na kuchanua, na sehemu ya unene ule ni maji tu. Shayiri tetraploidi ilitoa punje kubwa kwenye suke lenye mapengo, na mapengo yalikula faida yote ya ukubwa. Rai, nafaka ya nchi za baridi, ilifika mpaka mashambani huko Ulaya katika sura ya tetraploidi, nayo ikakutana na tatizo la ujirani: chavua ikivuma kutoka shamba la rai ya kawaida, viinitete vyenye seti tatu hufa ndani ya suke na punje hupotea, hivyo shamba jipya hutegemea majirani wote wakubaliane. Waliofaidika zaidi na tetraploidi za namna hii ni wafugaji, kwa nyasi na mimea ya malisho, ambapo ng'ombe hula jani na hajali suke.

Iweje basi ngano yenye seti sita izae vizuri hivyo? Tofauti iko katika asili ya seti zenyewe. Ukiirudufu seti ya mmea mmoja, kila kromosomu hujikuta na ndugu watatu wanaofanana naye, na hapo ndipo vurugu huanza. Lakini mimea miwili ya jamii tofauti ikizaa chotara, kisha kromosomu za chotara huyo zikarudufiwa, kila moja hupata mwenza wake mmoja halisi, na ugawanaji hurudi kuwa wa jozi. Georgy Karpechenko, mtaalamu wa jenetiki wa Kisovieti, alilionyesha hilo huko Leningrad katika miaka ya 1920 kwa figili na kabichi, kila moja ikiwa na kromosomu 18. Chotara wao alikuwa tasa, isipokuwa mbegu chache zilizotokana na chembe za uzazi ambazo kromosomu zake hazikupunguzwa nusu, na mimea iliyoota kutokana na mbegu hizo ilikuwa na kromosomu 36 na ikazaa bila shida. Kwa bahati mbaya ya jikoni, ilikuwa na majani ya figili na mizizi ya kabichi. Karpechenko mwenyewe alikamatwa na kuuawa na serikali ya Stalin mwaka 1941, katika miaka ambayo elimu ya jenetiki iligeuzwa kuwa kosa.

Ngano ya mkate ilitokea kwa njia hiyohiyo bila mkono wa mwanasayansi: ngano yenye kromosomu 28 ilikutana na nyasi ya mwituni yenye 14, na uzao wao ukatulia kwenye 42. Nyasi hiyo ilitambuliwa mwaka 1944, Kihara akiwa Japani na McFadden na Sears wakiwa Marekani, pande mbili zilizokuwa vitani. Hata hivyo seti hizo tatu za jozi zinafanana kwa kiasi cha kuweza kuchanganyana, na kinachozizuia ni jeni iitwayo Ph1, iliyogunduliwa mwaka 1958, ambayo huhakikisha kila kromosomu inashikana na mwenza wake hasa. Bila jeni hiyo punje zingepungua. Pamba ya Mpeketoni ni kisa cha kale zaidi. Ina kromosomu 52, na ilitokea Amerika zaidi ya miaka milioni moja iliyopita kwa kuungana kwa jamaa wa pamba za Afrika na Asia, zenye kromosomu 26, na pamba ya Amerika yenye 26 ambayo haikuwa na nyuzi za kusokotwa. Muungano ule ulizaa nyuzi ndefu kuliko za wazazi wote wawili, na mbegu yake huota sawasawa. Karanga, zenye kromosomu 40, nazo zimetokana na muungano wa jamii mbili za Amerika Kusini. Katika mazao haya poliploidi imempa mkulima mavuno bila kumnyang'anya mbegu.

Zao ambalo ningependa lifuatiliwe kwetu ni muhogo. Muhogo una kromosomu 36 na kwa kawaida huhesabiwa kuwa diploidi. Sisi tunakula mzizi na tunapanda kwa vipande vya shina, kwa hiyo utasa wa maua haumpunguzii mkulima chochote. Nchini India watafiti wa mazao ya mizizi walioko Kerala waliuzalisha muhogo wa kawaida na uliozidishwa kwa kolkisini, wakapata aina triploidi iitwayo Sree Harsha, inayosifika kwa wanga mwingi. Katika kazi za IITA huko Nigeria pia zilijitokeza triploidi na tetraploidi zenyewe, kutokana na chembe zisizopunguzwa, muhogo ulipozalishwa na jamaa zake wa mwituni. Njia hiyo inaweza kujaribiwa Mtwapa, kwenye kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, ambacho tayari kimetupa aina za muhogo za Tajirika, Shibe na Karembo. Kibandameno, ambayo wazee wetu hawataki kuiacha kwa ladha yake, ingekuwa mzazi mzuri wa kuanzia, ingawa huugua sana batobato na michirizi ya kahawia, na kuongeza kromosomu hakuleti kinga dhidi ya virusi. Kinga hiyo ingebidi itoke kwa mzazi wa pili. Na ikipatikana triploidi moja njema, haitahitaji kuzalishwa upya kila msimu kama mbegu ya tikiti. Mkulima wa Marafa atakata mashina yake, apande, na ampe jirani kifungu, mradi mashina hayo yatoke kwenye shamba lisilo na ugonjwa.